Risasi 13, dakika 30

Nusu saa, risasi 13. Zinazohesabiwa ni 10 bora, kwenye shabaha iliyo mita 25. Hiyo ndiyo mechi nzima ya bastola za gobori, mchezo wenye mashindano yake ya dunia tangu miaka ya 1970.

Shabiki wa soka atauliza: dakika zote hizo kwa risasi 13, kwani wanalala? Hawalali, jamani. Baruti nyeusi inamiminwa mtutuni kutoka kwenye kichupa kilichopimwa mapema, risasi moja kichupa kimoja. Ukimimina kutoka kwenye chombo kikubwa, cheche iliyobaki ndani ikaidaka, umekwisha. Kisha kitambaa, risasi ya duara, mdeki wa kushindilia, fataki. Ndipo unalenga. Moshi mweupe unakufunika na hujui umepiga wapi mpaka upepo upite. Jioni unaiosha kwa maji ya moto na sabuni, la sivyo kutu inaila. Bastola nyingi ni mpya, nakala za zile za karne ya 19, na nyingi zinatengenezwa karibu na Brescia, Italia. Ndiyo, Brescia ile ile ya Roberto Baggio.

Tunauandika mchezo huu kwa sababu ya jambo la Uingereza. Machi 13, 1996, mtu mwenye bastola alizozimiliki kihalali aliingia shule ya msingi Dunblane, Scotland, akaua watoto 16 na mwalimu wao. Andy Murray, bingwa wa tenisi, alikuwa mwanafunzi pale. Mwaka uliofuata bastola za kisasa zikapigwa marufuku England, Scotland na Wales. Wacheza shabaha wakalalamika: sisi kosa letu nini? Walioshindania mataifa yao wakawa wanasafiri nje kufanya mazoezi. Sheria iliwaachia gobori, kwa kibali cha polisi. Ukiangalia jinsi inavyojazwa, unaelewa kwa nini.

Sisi tunasimama na sheria ile. Mashabiki wa Liverpool waliofia Hillsborough hawakuwa na kosa, lakini baada ya 1989 majukwaa ya kusimama yakaondolewa kwenye viwanja vikubwa vya England. Wapo waliolia kwamba raha ya soka imezikwa. Viwanja vikaendelea kujaa. Na wa bastola nao walipoteza kitu wanachokipenda bila kosa lao. Inauma, lakini ilikuwa haki kuwaomba.

Tusichokubali ni hoja kwamba nakala za kale ni vitu vya kuchezea. Marekani, sheria ya shirikisho ya 1968 haizihesabu nyingi kati yake kuwa silaha za moto, eti kwa kuwa ni za mtindo wa zamani. Mtindo huo huo uliua watu kwenye vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe! Mtutu haujui kama umetengenezwa 1860 au mwaka jana. Kibali na kabati lenye kufuli ni lazima, hata kwa mzee anayepiga Jumamosi moja kwa mwezi.

Waulizeni wachezaji wenyewe. Fataki ikilia bastola ikakaa kimya, hakuna anayegeuka kulalamika kwa mwamuzi. Anabaki ameelekeza mtutu kwenye shabaha, anasubiri, kwa sababu baruti huweza kuchelewa kuwaka.