Kilimia Juu ya Same

Wenzangu, Krismasi hii ukirudi Same, subiri usiku usio na mwezi, usogee mbali na taa za mji. Milima ya Pare inaukinga mji na mvua nyingi, kwa hiyo anga likitakata, nyota unaziona zimejaa kote.

Hapa chuoni tunabishana sana. Wapo wanaosema ukishasoma fizikia, Mungu hana kazi tena. Wapo wanaosema nyota zenyewe ni ushahidi tosha, eti kusoma kwa nini? Mimi naona wote wana haraka.

Chukua Kilimia, kile kikundi cha nyota kinachoonekana jioni mwezi Desemba. Jina lake latokana na kulima. Wakulima walikitumia kujua majira. Sayansi inaongeza kwamba mwanga wake unaouona leo ulianza safari zaidi ya miaka 400 iliyopita. Kujua hivyo kunampunguzia nini Mkristo? Mimi kunaniongezea mshangao.

Biblia ya Kiswahili nayo inaitaja Kilimia, Ayubu sura ya 38. Sasa angalia anayeambiwa: baba aliyefiwa na watoto wake wote, mwili umejaa majipu. Hapewi maelezo ya msiba wake. Anaulizwa maswali.

Kwa hiyo jamani, mwenzetu akifiwa, tusimwambie atazame mbingu zilivyo nzuri halafu tuondoke. Uzuri wa anga haufuti kilio. Mimi namwamini Mungu aliyeziumba hizo nyota, lakini aliyefiwa kwanza tukae naye.