Taka Ndani ya Seli za Neva
Laiti ingalielezwa bayana kwamba vile vifuko viitwavyo lisosomu, jina alilovipa Christian de Duve mwaka 1955, haviwezi kumeng'enya protini chakavu ila vikiwa na asidi ya kutosha. Kwani utafiti wa Ralph Nixon na wenzake wa New York, uliotangazwa mwaka 2022, ulidhihirisha katika panya wa mfano wa maradhi ya Alzheimer kwamba asidi hiyo hupungua, na taka zikarundikana ndani ya seli za neva, kabla mabaka ya protini ya amiloidi hayajaonekana nje ya seli hizo. Basi si insafu kuyahesabu mabaka pekee kuwa asili ya maradhi haya yanayowapokonya wazee wetu hata majina ya watoto wao. Nawasihi watafiti waielekeze himma yao kwenye lisosomu pia, wala wasingoje mpaka neva zimekwisha kufa.