HICHO NI KILATINI, WEWE KARIRI TU!

Muhula uliopita nilipoteza alama nne katika jaribio la biolojia kwa sababu ya misuli miwili tu ya mkono. Kwenye mchoro niliandika traisepsi mbele na baisepsi nyuma. Si kwamba sikusoma. Nilikariri majina hayo hadi taa za bweni zikazimwa! Tena nilikuwa nimeuliza darasani yana maana gani, nikajibiwa, "Hicho ni Kilatini, wewe kariri tu." Darasa zima likaangua kicheko.

Kumbe jawabu lilikuwa maktabani. Kwa Kilatini, biceps ni "mwenye vichwa viwili" na triceps ni "mwenye vichwa vitatu". Vichwa ni zile sehemu ambapo msuli huanzia kwenye mfupa. Mchoro ulivionyesha wazi. Laiti ningalijua, ningalihesabu tu!

Niliendelea kusoma nikacheka peke yangu. Musculus, neno lililozaa jina la msuli kwa Kiingereza, ni panya mdogo, eti kwa kuwa msuli ukikazwa huonekana kama panya anayepita chini ya ngozi. Msuli mrefu kuliko yote mwilini, unaotoka nyongani ukakata paja mshazari hadi chini ya goti, huitwa sartorius, yaani wa fundi wa nguo, kwa sababu mafundi wa zamani huko Ulaya walishona wakiwa wamekunja miguu kama tukaavyo mkekani. Wa shavuni ni buccinator, mpiga tarumbeta. Jamani, hii ndiyo lugha tunayoiogopa?

Wako wasemao ati Kiswahili hakiwezi sayansi. Je, ile nyama ya nyuma, chini ya goti, hatuiiti shavu la mguu? Wagiriki waliiita tumbo la mguu, na jina hilo likaingia katika orodha ya Kilatini ya madaktari. Sioni tumbo lilivyolishinda shavu.

Sisemi Kilatini kitupwe. Wataalamu waliidhinisha orodha ya majina hayo kule Basel, Uswisi, mwaka wa 1895, na leo daktari wa Japani na wa Kisumu wanaelewana. Ninachodai mimi ni maana. Kando ya ule mchoro wa mwili ulioko maabara, chama chetu kibandike karatasi ya Kiswahili: jina, na maana yake. Mimi nimekwisha kuanza na mkono. Nani atachukua mguu?