Mieleka Iwe na Majira Yake

Muhula huu yamezuka maneno mengi mabwenini juu ya mchezo wa mieleka. Mchezo huu ulianza hapa shuleni kama mzaha tu, katika shimo la mchanga la kurukia, jioni baada ya kazi za shamba. Sasa una wachezaji wapatao thelathini, na tumekwisha shindana mara mbili na shule jirani. Hilo ni jambo la kufurahisha. Lakini kamati ya michezo imeletewa shauri kwamba kuanzia muhula ujao wachezaji wa mieleka wafanye mazoezi ya mieleka asubuhi na jioni, mwaka mzima, wabaki shuleni wiki mbili za kila likizo, wala wasiruhusiwe kucheza mchezo mwingine wowote. Walioleta shauri hilo ni wenzangu wa Kidato cha Tatu na cha Nne, wachezaji hodari, nami nawaheshimu. Mimi pia ni mmoja wa wale thelathini. Hata hivyo naona shauri hilo litauharibu mchezo na wachezaji wake, na ningependa kutoa sababu zangu kabla kamati haijaamua.

Isidhaniwe kwamba nawatetea wavivu. Katika mashindano ya kimataifa vijana walio chini ya miaka 17 hushindana vipindi viwili vya dakika mbili mbili, na watu wazima viwili vya dakika tatu tatu. Dakika nne zaonekana chache kwa mtu aliyekaa kwenye nyasi akitafuna muwa. Aliye mchangani, ameshikwa kiuno na mtu mwenye nguvu sawa na zake, huziona ndefu kuliko kipindi cha Hesabu. Bila mazoezi hazimaliziki. (Nasema mieleka ya kweli, si ile ya televisheni ambayo mshindi wake hupangwa kabla ya watu kuingia ulingoni. Wadogo zetu wa Kidato cha Kwanza huja na mawazo hayo, na yafaa waambiwe mapema, kabla hawajavunja vitanda kwa kurukiana.)

Wenye shauri hili humtaja sana Mmarekani Dan Gable, na kweli habari zake zapendeza. Katika masomo yake ya chuo huko Iowa State hakushindwa hata mara moja mpaka pambano lake la mwisho mwaka 1970, ambapo Larry Owings alimshinda kwa pointi 13 kwa 11. Gable hakukata tamaa. Aliongeza mazoezi, na mwaka 1972 katika Olimpiki ya Munich alichukua medali ya dhahabu bila mpinzani yeyote kupata hata pointi moja mbele yake. Wenzangu huimaliza hadithi hapo, kisha husema: “Mnaona? Mwaka mzima!” Lakini Gable wa Munich alikuwa mtu mzima wa miaka 23, mwili wake umekwisha komaa. Alipokuwa mtoto, kabla mieleka haijamteka, alikuwa mwogeleaji. Mvulana wa miaka 14 hawezi kupewa ratiba ya mtu wa miaka 23 kwa sababu tu wote wawili wacheza mchezo mmoja.

Tena katika shule za sekondari za huko kwao mieleka ina majira yake. Huanza mwezi wa Novemba na kwisha Februari au Machi. Kabla ya hapo vijana wengi hucheza mpira wa Kimarekani, na baadaye besiboli au riadha. Ni kweli kwamba siku hizi wako wanaoendelea na mieleka katika klabu miezi yote, kwa kuwa wazazi wao wataka wapate nafasi za kusoma chuo bure. Madaktari wa watoto wa nchi hiyo wameliangalia jambo hili. Mwaka 2016 chama chao kilitoa maelezo kwamba kijana akae mbali na mchezo wake mkuu kwa jumla ya miezi mitatu hivi kila mwaka, mwezi mmoja mmoja. Kwamba apumzike siku moja au mbili kila wiki. Na kwamba asijifunge na mchezo mmoja tu kabla ya kufika angalau miaka 15.

Sababu yao si ngumu kufahamu kwa mtu aliyesikiliza somo la Biolojia. Mfupa wa kijana anayekua bado una sehemu ya gegedu karibu na ncha zake, na hapo ndipo unaporefuka. Sehemu hiyo ni dhaifu kuliko mfupa uliokomaa. Mieleka huivuta, huikandamiza na kuipinda katika bega, kiwiko, goti na mgongo, kila siku mahali palepale. Mwili ukipewa nafasi hujitengeneza tena ukawa imara zaidi. Usipopewa, maumivu madogo huwa jeraha. Mpira wa miguu nao huchosha, lakini huchosha mahali pengine, na ndiyo maana kubadili mchezo ni namna ya kupumzika bila kulala.

Atasema mtu kwamba sisi si Wamarekani wala hatuhitaji madaktari wao watufundishe. Vema, na tuwaangalie Waafrika wenzetu ambao mieleka ni mchezo wao wa asili. Huko Senegal, katika vijiji vya Waserer, vijana walikuwa wakipigana mieleka baada ya mavuno, wakati ghala zimejaa na kazi ya shamba imepungua. Wanuba wa Sudan nao walifanya hivyo hivyo. Waliosoma kitabu cha Chinua Achebe kiitwacho Things Fall Apart watakumbuka kwamba mieleka mikubwa ya kijiji huwa siku ya pili ya sikukuu ya viazi vikuu vipya. Watu hao hawakuwa walegevu. Walilima miezi mingi, wakabeba mizigo, wakapanda miti, na hizo kazi ndizo zilizowapa migongo na mikono ya kumwinua mtu. Mieleka yenyewe ilikuwa na wakati wake, na kwa kuwa ilikuwa na wakati wake watu waliingoja kwa hamu. Wako wapi leo watazamaji wetu wa jioni? Wiki ya kwanza shimo la mchanga lilizungukwa na nusu ya shule.

Lakini jambo linalonitia hofu kuliko yote ni uzito. Wachezaji wa mieleka hugawanywa kwa kilo, na mara mtu akiona kwamba akipungua kidogo atapambana na wadogo kuliko yeye, shetani humwingia. Kabla ya mashindano yetu ya pili mvulana mmoja wa Kidato cha Kwanza aliambiwa na wachezaji wakubwa apunguze kilo mbili. Siku mbili alikula kidogo sana na kunywa maji kidogo zaidi, na mchana wa jua kali alikimbia kuuzunguka uwanja amevaa masweta mawili. Kilo zilipungua. Alipoingia mchangani misuli ya miguu ilimkaza, akapigwa mweleka hata kabla watu hawajamaliza kushangilia jina lake. Kisha alitapika nyuma ya jiko. Walimu hawakuwa na habari. Sasa fikirini: kama hayo yametokea kwa mashindano mawili, itakuwaje tukishindana kila mwezi?

Zile kilo mbili hazikuwa mafuta, yalikuwa maji. Maji yakipungua mwilini damu nayo hupungua, moyo hulazimika kupiga mbio ili ifike kila mahali, jasho hukauka, na mwili unaofanya kazi bila jasho hupata joto kama sufuria iliyofunikwa. Mwaka 1997 huko Marekani wanafunzi watatu wa vyuo vikuu walikufa katika muda wa wiki tano hivi, wote wakijaribu kupunguza uzito kwa ajili ya mieleka kwa mazoezi ya joto na kujinyima maji. Baada ya vifo hivyo mavazi ya mpira na vyumba vya joto vilipigwa marufuku katika mieleka ya vyuo, na kupima uzito kukasogezwa karibu na saa ya pambano ili isiwe na faida mtu kujikausha usiku na kunywa maji asubuhi. Shule za sekondari nazo zikawekewa kanuni tangu mwaka 2006. Mchezaji hupimwa kwanza kama ana maji ya kutosha, kisha hupimwa mafuta ya mwili, na mvulana haruhusiwi kushuka chini ya asilimia 7, wala msichana chini ya asilimia 12. Hata anayeruhusiwa kupungua asizidi asilimia 1.5 ya uzito wake kwa wiki. Kwa mvulana wa kilo 50 hizo ni gramu 750. Mwenzetu alipunguza kilo mbili kwa siku mbili, naye sidhani kama ana mafuta yoyote ya kupunguza, kwa ugali na maharage tunayoyajua.

Tena kujikausha hakuna dhamana hata kwa mabingwa. Katika Olimpiki ya Paris mwaka 2024, Vinesh Phogat wa India alifika fainali ya kilo 50. Asubuhi ya fainali alipimwa akaonekana amezidi kwa gramu 100, baada ya usiku mzima wa kuhangaika yeye na wasaidizi wake. Aliondolewa, na akawekwa wa mwisho. Gramu 100 ni kama kipande cha sabuni. Yeye alikuwa na madaktari na walimu wa mchezo. Sisi tuna nani usiku wa manane bwenini?

Nitapita upesi juu ya magonjwa ya ngozi, ingawa mtunza zahanati yetu angependa niyaandikie kurasa mbili. Choa, majipu na malengelenge huambukizwa kwa ngozi kugusana, na mieleka si kitu ila ngozi kugusana. Mabweni yetu yamejaa, mashuka huazimana, taulo pia. Kanuni za shule za Marekani humzuia mwenye choa cha mwilini asishindane mpaka ametumia dawa saa 72, na mwenye mapunye ya kichwani siku 14. Sisi tukicheza kila siku pasipo mapumziko, huyo mgonjwa atapona lini, na mchanga ule utapata lini jua la kutosha?

Kuna hoja moja ya wenzangu yenye nguvu, nami sitaikwepa. Husema kwamba ufundi hupotea usipotumika, na kwamba shule jirani wakifanya mazoezi mwaka mzima watatushinda. Kuhusu shule jirani, huenda watatushinda mwaka huu, nami naweza kuvumilia hilo. Kuhusu ufundi, mtu aliyejifunza kuingia chini ya mpinzani na kushika mguu wake hasahau kwa kukaa miezi mitatu, kama vile asivyosahau baiskeli. Kinachopungua ni pumzi na nguvu, na hivyo viwili hupatikana hata kwa mpira, mbio, kupanda kamba, na kubeba magunia ya mahindi kutoka shambani hadi stoo. (Mtunza stoo hatakataa.)

Basi mimi napendekeza hivi. Majira ya mieleka yawe Julai mpaka katikati ya Septemba, baada ya mahindi ya shule kuvunwa, wakati jua si kali. Katika miezi hiyo tufanye mazoezi siku nne kwa wiki na kushindana Jumamosi moja kati ya mbili. Oktoba hadi Desemba mieleka isiwepo kabisa. Vidato vya Pili na vya Nne vina mitihani mwezi wa Novemba, na mtu hawezi kuamka saa kumi na moja alfajiri kukunjwa shingo, kisha akae na Fizikia usiku. Januari hadi Machi kila mtu acheze mchezo mwingine anaoupenda na kuujenga mwili. Aprili hadi Juni turudi mchangani mara mbili kwa wiki, kwa kujifunza mishiko tu na namna ya kuanguka, pasipo mashindano. Likizo kila mtu aende kwao. Wazazi wetu wanatuhitaji, na wengine wetu ndio tunaochunga na kulima.

Mimi mwenyewe nitafanya mtihani na kuondoka, wala sitaona mwaka kamili wa ratiba yoyote itakayokubaliwa. Itawaangukia wale wa Kidato cha Kwanza na cha Pili, ambao hawamo katika kamati na ambao, kwa heshima ya wakubwa, watakubali lolote watakaloambiwa. Naiomba kamati iwaite wawili au watatu wao waulizwe, pamoja na yule aliyetapika.

Juu ya uzito nimekwisha zungumza na mtunza stoo, naye amekubali kutuazima mizani yake asubuhi ya Jumamosi ya kwanza ya Julai. Kila mchezaji apimwe akiwa amekwisha kunywa uji, mbele ya mwalimu wa michezo, na kilo zake ziandikwe katika daftari. Hilo liwe ndilo kundi lake mpaka Septemba. Akiongezeka apande. Kushuka kusiruhusiwe, hata kwa gramu 100.