Je, Mtafiti Asiyepata Dawa Amefanya Kazi Bure?

Sisi wa Kidato cha Nne huulizwa mara kwa mara tunataka kuwa nani tutakapomaliza masomo. Katika darasa letu, wapendao Bayolojia karibu wote hujibu, "Daktari." Jibu hilo ni jema, wala silibezi. Lakini sijamsikia hata mmoja akisema, "Nataka kuwa mtafiti." Nathubutu kusema kwamba huo ni upungufu mkubwa, na nitaeleza sababu zangu kwa kumtaja mtu mmoja.

Mtu huyo ni Helen Muir, Mwingereza aliyezaliwa India mwaka 1920 na kufariki mwaka 2005. Alipoingia Chuo Kikuu cha Oxford alikusudia kusoma udaktari, lakini akageuka na kuchukua kemia. Miaka mingi ya kazi yake aliitumia kuchunguza kitu ambacho wengi wetu hatukifikirii kabisa, yaani gegedu.

Atazamaye ncha ya mfupa wa mguu wa mbuzi aliyechinjwa sasa hivi ataona utando mweupe, mgumu kiasi, unaoteleza. Hilo ndilo gegedu, nalo huzuia mifupa isisagane tunapotembea. Halina mishipa ya damu, na kwa sababu hiyo likiumia haliponi vizuri kama ngozi iponavyo. Likiharibika, kiungo huuma, huvimba na kukakamaa. Ugonjwa huo madaktari huuita osteoathritisi. Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, watu wapatao milioni 528 walikuwa nao mwaka 2019, na kiungo kinachoshikwa zaidi ni goti.

Zamani wengi walidhani kwamba gegedu hulika tu kama soli ya kiatu. Bi Muir hakuridhika na maelezo hayo. Mwaka 1958 alionyesha kwamba minyororo mirefu ya sukari iliyomo ndani ya gegedu imeungana na protini. Mwaka 1972 yeye na Tim Hardingham walionyesha kwamba molekuli hizo kubwa hushikamana na uzi mrefu wa asidi ya hialuroniki, mfano wa samaki katika mtungo. Zikiwa zimetungwa hivyo hazitoki kwa urahisi, nazo huvuta maji na kuyashika. Ndiyo maana gegedu hustahimili uzito wa mwili: ukikanyaga hubonyea, ukiinua mguu hujaa tena. Kisha mwaka 1976 yeye na C. A. McDevitt walieleza jinsi gegedu la goti la mbwa lianzavyo kubadilika kikemia na kuzidi maji mapema kabisa katika ugonjwa. Basi gegedu si soli. Ni kitu hai, chenye seli zake, nacho huugua.

Nilipowasimulia wenzangu bwenini, mmoja aliniuliza, "Je, alipata dawa?" Nikajibu hapana. Hata leo hakuna dawa iliyothibitishwa kulirudisha gegedu la mgonjwa likawa kama lilivyokuwa. Mgonjwa hushauriwa kufanya mazoezi na kupunguza uzito, hupewa dawa za maumivu, na hali ikizidi huweza kuwekewa goti la bandia. "Basi huyo mama amefanya kazi bure," akasema mwenzangu, na wote wakacheka.

Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Mtu adhaniye kwamba goti ni soli hawezi kutafuta dawa, kwa kuwa soli haina dawa. Lakini ajuaye kwamba ni kitu hai kinachougua ana mahali pa kuanzia. Methali yasema mvumilivu hula mbivu. Nami naongeza kwamba pengine alaye siye aliyepanda, wala aliyepanda hakupoteza siku zake.

Jambo hili linanihusu. Bibi yangu, mama yake baba, hawezi tena kupanda kilima kwenda sokoni kwa sababu ya magoti. Kila akilalamika huambiwa, "Ni uzee tu." Neno hilo "tu" ndilo linaloniudhi, kwa maana likishasemwa, hakuna aulizaye zaidi.

Kwa sababu hiyo nimemwambia baba kwamba nataka kuendelea na kemia. Hakupendezwa, kwani aliniwekea tumaini la udaktari, naye huniuliza ni nani amlipaye mtu wa kutazama vitu ndani ya chupa. Najua atasoma gazeti hili, na kwa heshima namjibu hapa. Bi Muir aliyeacha udaktari alifanywa mkurugenzi wa Taasisi ya Kennedy ya London mwaka 1977, akaiongoza hadi 1990, na mwaka huo huo wa 1977 alichaguliwa katika Royal Society, chama kikuu cha wanasayansi wa Uingereza. Kazi hiyo si ya mtu aliyeshindwa kuwa daktari. Madaktari wenyewe huitegemea.

Naomba basi walimu wetu, watakapowaalika wageni kutueleza habari za kazi mbalimbali, wasisahau kumwalika mtafiti mmoja. Na wazazi wetu, mtoto akisema anataka kujua jambo ambalo bado halina jibu, tafadhali msimcheke. Mwacheni kwanza aeleze.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne