Vidonge Ndani ya Boksi la Raba

Mwezi huu naomba niwe mkweli kuliko kawaida. Kila toleo nawapigia kelele hapa kuhusu mazoezi, kumbe mwenzenu nina presha. Ndiyo, mimi huyu huyu wa kupiga chuma siku tatu kwa wiki.

Niligundua kwa bahati tu. Tulikwenda kuchangia damu, mimi mbele, kifua nje kama naenda kupokea zawadi. Muuguzi, mama wa makamo, akanipima. Akapima tena. Akaniambia nikae pembeni dakika tano bila kuongea, akapima mara ya tatu: 168/104. "Mwanangu, leo hutoi damu. Nenda kamwone daktari." Nilikuwa na miaka 34, sina kitambi, sivuti sigara. Ila baba yangu alipata kiharusi akiwa na miaka 51, na miaka minne ya mwisho ya maisha yake alikuwa anafungwa vifungo vya shati na mama. Njia nzima ya kurudi nyumbani niliviwaza vile vifungo.

Daktari alinipima siku nyingine mbili, presha haikushuka chini ya 140/90. Akanipa amlodipini na losatani, kidonge kimoja kimoja kila asubuhi. Baada ya miezi miwili nikasoma 128/82. Nikajiona nimepona.

Sasa njooni jimu kwetu hapa Tukuyu. Msitegemee vioo na viyoyozi. Ni banda la mabati, vyuma vingine vimetengenezwa kwa kumwaga zege kwenye makopo ya rangi na bomba katikati, na mvua ya Rungwe ikipiga juu ya bati inabidi mzungumze kwa kupayuka. Katika kupayuka huko jamaa mmoja akasema, "Mwanangu, dawa za presha zinamaliza nguvu za kiume. Utamtia aibu shemeji." Mimi nina miezi minane ya ndoa! Neno likaniingia. Nikaanza kuruka siku, mwisho nikaacha kabisa. Na kwa kuwa mke wangu hakuwa anajua lolote tangu mwanzo, vidonge nilikuwa nimevificha ndani ya boksi la raba juu ya kabati.

Jumamosi moja nikaweka mzigo mkubwa mabegani. Nikabana pumzi, nikachuchumaa, nikasukuma. Masikio yakapiga mluzi, macho yakaona vimulimuli, nikajikuta nimekaa chini kwenye vumbi la saruji. Jamaa wakanirudisha nyumbani kwa bodaboda. Mke wangu akapanda kabatini kunitafutia shuka. Boksi likadondoka.

Hakupiga kelele. Aliokota pakiti, akasoma majina, akauliza, "Mume wangu, hizi ni za nani?" Nikamwambia. Akanyamaza kidogo, kisha, "Kwa hiyo mimi ningejua siku ya kukufunga vifungo?" Hadithi ya baba nilimsimulia mwenyewe wakati wa uchumba. Sikuwa na jibu.

Jumatatu tulikwenda hospitali wote wawili. 172/106. Daktari alitusomesha, na nawapa kama alivyotupa.

Kwanza, hilo la chumbani. Presha yenyewe, ikiachwa, huharibu mishipa ya damu, na mambo ya kiume yanategemea mishipa hiyo hiyo. Zipo dawa zinazoweza kuchangia tatizo, mfano atenololi na baadhi ya zile za kukojoza, ila nilizopewa mimi hazisifiki kwa hilo. Mtu akiona mabadiliko anasema, anabadilishiwa. Mke wangu aliuliza maswali mengi kuliko mimi, sikujua ana ujasiri ule! (Kina dada mnaotumia losatani au enalaprili na mnapanga mtoto, mwambieni daktari kabla, dawa hizo hazifai kwenye ujauzito.)

Pili, chuma chenyewe si adui. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020 inataka mazoezi ya misuli angalau siku mbili kwa wiki, na watu wenye presha wamo. Adui ni kubana pumzi chini ya mzigo mzito. Mwaka 1985 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Canada, waliingiza kipimo ndani ya mshipa wa mkono wa watunisha misuli watano wakati wakisukuma uzito kwa miguu. Wastani ulifika 320/250, na mmoja alivuka 480/350! Hao walikuwa vijana wazima. Sasa mimi niliyeacha dawa?

Kwa hiyo nimepunguza uzito mpaka ule ninaoweza kuurudia mara 12 hadi 15 bila kukunja uso. Nikisukuma natoa pumzi, nikishusha navuta. Jamaa walicheka wiki mbili, wakazoea. Mwisho wa mazoezi sikai chini ghafla, natembea dakika kumi, kwa sababu amlodipini hutanua mishipa na damu ikituama miguuni unapata kizunguzungu. Nikikuta 180/110 kabla ya kuanza, narudi nyumbani na kumpigia daktari. Bado halijatokea tangu nirudie dawa.

Wale wa atenololi, msijipime ukali wa zoezi kwa mapigo ya moyo, dawa inayashusha. Ukiweza kuongea sentensi nzima, upo salama zaidi. Na jamani, diklofenaki na ibuprofeni tunazomeza kama karanga misuli ikiuma zinapandisha presha. Hilo ndilo lililonishangaza kuliko yote.

Zoezi alilolipenda mke wangu halihitaji hata banda: unaegemeza mgongo ukutani, unakaa kama una kiti wakati huna, dakika mbili, unapumzika, mara nne, siku tatu kwa wiki. Majaribio 270 yaliyokusanywa pamoja mwaka 2023 yalionyesha mazoezi ya kukaza misuli bila kusogea yanashusha presha kwa wastani wa 8/4, wakati vyuma vya kawaida ni kama 5/3. Lakini pumzi iende muda wote.

Siku hizi vidonge vinakaa mezani, pembeni ya chupa ya chai. Juzi nimesoma 126/80. Jioni tunakaa ukutani wote wawili, mvua inapiga bati, yeye anahesabu sekunde kwa sauti ili nisipate nafasi ya kubana pumzi. Ananishinda kwa sekunde 20. Nitamfikia.