Simamisha Picha Hapo

King Solomon's Mines ilipotoka mwaka 1950, mtazamaji aliiona mara moja ukumbini, taa zikawashwa, akaenda zake. Leo ipo kwenye DVD na rimoti iko mkononi mwako. Toleo hili linahusu filamu kuukuu zinazorudi majumbani kwa diski mpya, na rai yangu ni hii: tusizitazame kwa mwendo waliotupangia waliozitengeneza.

Naanza na King Solomon's Mines kwa sababu inatuhusu. Kampuni ya MGM iliwaleta Deborah Kerr na Stewart Granger Afrika Mashariki, ikapiga picha hapa Machakos na Rumuruti, Maporomoko ya Murchison kule Uganda, Tanganyika, Kongo na Rwanda. Kwenye hadithi, nchi zote hizo zimeunganishwa zikawa pori moja: msafara uko Kenya, punde si punde umeingia Rwanda, na wahusika hawajui kwamba wamevuka mpaka. Robert Surtees alipewa Oscar kwa upigaji picha huo.

Sasa simamisha picha kwenye majina ya waigizaji. Wazungu wana majina mawili mawili. Waafrika wana moja moja, likifuatwa na kabila: Kimursi, Mkipsigis; Siriaque, Sekaryongo na Baziga, Watutsi. Na hao ndio waliobahatika. Wabeba mizigo, wacheza ngoma na waimbaji hawakuandikwa kabisa, ilhali filamu hii haina okestra ya Hollywood. Muziki wake ni ngoma na sauti za Waafrika. Picha zilizobaki nazo hazikutupwa. Mwaka 1959 MGM ilizichomeka tena ndani ya filamu zake Watusi na Tarzan, the Ape Man.

Wapo wanaosema filamu zenye dharau kiasi hicho ziachwe zioze. Uchungu wao naufahamu, ila shauri lao silikubali. Sanders of the River ya 1935 inausifu ukoloni bila haya, lakini ndani yake, katika nafasi ndogo, yumo Jomo Kenyatta, miaka 28 kabla hajawa Waziri Mkuu. Tungeizika filamu ile, tungemzika naye. Anatambulika kwa kuwa baadaye alikuja kuwa mtu mkubwa. Waliosimama kando yake atawatambua nani?

Watoaji wa diski mpya husafisha rangi, hufuta mikwaruzo, huongeza maelezo ya wataalamu. Majina yaliyoachwa tangu mwanzo hawawezi kuyarudisha. Kazi hiyo ni yetu, nayo haingoji: aliyekuwa na miaka 15 mwaka 1949, King Solomon's Mines ikipigwa picha, leo amepita 90. Kwa hiyo tafuta diski, iweke kwenye kompyuta, waite babu na nyanya wasogee karibu na kioo. Akisema mmoja wao, "Kilima kile nakijua," au "Yule si mtoto wa fulani?", simamisha hapo hapo. Andika jina, kijiji na dakika ya filamu. Kisha muulize mwingine ambaye hakusikia jibu la kwanza, maana kumbukumbu nayo hupotoka.

Makala zinazofuata zinaonyesha njia mbalimbali za kuifanya kazi hii. Toleo lijalo litachapisha kila jina litakalotufikia na kuthibitishwa, hata likiwa moja.